Ndugu Wawili Kutoka Hanang

Nyumba ya Karantini,
Njia Panda.

Mke wangu Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Nakusalimu wewe na Neema, na wote watakaokuwa wamekaa karibu yako ukiisoma barua hii, maana najua hutaisoma peke yako. Habari za Masakta? Mahindi yalikubali, au jua liliyamaliza tena? Na kifua cha Neema kikoje? Kwenye barua yako ya mwisho ulieleza mlivyopanda basi kwenda Haydom, mlivyokaa foleni hospitali, na yule mama wa Dongobesh aliyewagawia viazi, mpaka mkapewa dawa ya maji. Kisha ukaandika salamu na kufunga. Hukusema kama dawa ilimsaidia mtoto. Wewe unasimulia safari nzima halafu mwisho wake unaula mwenyewe.

Mimi ni mzima. Nakuwahi kwa hilo kwa sababu anwani niliyoandika hapo juu itakushtua. Karantini ni nyumba ya kuwatenga wagonjwa, na kweli nimo ndani, lakini mgonjwa si mimi.

Sasa kaa chini nikwambie. Chombo kinacholeta barua hii ndicho nilichopaswa kuja nacho. Sitakuja. Najua umeshakandika kuta upya, na kaka Tluway ameshachagua mbuzi, na Neema amewatangazia watoto wote wa jirani kwamba baba yake anarudi kutoka angani. Mtakwenda kule kiwanjani, kwenye kambi ya shamba la ngano, mtasimama na wenzenu kungoja chombo kitue. Watu watashuka na mimi sitakuwemo. Nisamehe. Nimeliandika neno hilo nikaliangalia, naona ni dogo, lakini sina lingine.

Nitakueleza yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu uliwahi kuniandikia kwamba mambo ya huku unayaelewa nusu na nusu unayafumba macho.

Hii ni sayari, Mama Neema, dunia nyingine kabisa, mbali kuliko mbali. Jina lake halisi linatokea kooni, na hata sisi Wairaqw tuliozoea sauti za kooni linatushinda. Kwa hiyo mimi na Gidahoda tukaiita Njia Panda, na hilo linaifaa, kwa sababu haina kazi nyingine. Vyombo vya angani vinakuja kutoka kila upande, vinatua, vinajaza mafuta, vinabadilishana abiria na mizigo, vinaondoka. Watu wa kila rangi na kila umbo hupita hapa, wengine si watu kama sisi, nami nimeshaacha kushangaa. Hakuna anayekuja Njia Panda kwa ajili ya Njia Panda. Hata salamu yao ni hiyo: mkikutana mtu hakuulizi umeamkaje wala nyumbani hawajambo, anakuuliza, "Unaelekea wapi?" Ukimjibu anaridhika na kupita. Kwa mtu aliyelelewa kwetu, ambako salamu tu inaweza kuchemsha chai ikapoa, hilo linaumiza kuliko kazi yenyewe.

Taa zao hazizimwi. Hakuna majani, hakuna mti, vumbi tupu la kijivu. Wala hakuna mzaliwa wa hapa. Sheria yao inasema hakuna kuzaliwa hapa wala kufia hapa, kwa sababu wanaogopa mahali pa kupita pasije pakawa kijiji. Mwanamke mjamzito akikaribia siku zake anapakiwa. Mgonjwa akizidiwa anapakiwa vilevile, kwenye chombo chochote kinachotangulia kuondoka, kiende kiendako. Shika hilo la mgonjwa, kwa sababu ndilo lililonifunga.

Kazi yetu unaijua. Tunavuta vyombo kwa trekta kutoka uwanjani hadi mabandani, na kutoka mabandani hadi uwanjani. Ndiyo maana waliomba watu kutoka shamba la ngano la serikali: walitaka madereva waliozoea mashine kubwa na uwanda usio na kivuli. Mimi huendesha trekta, Gidahoda hutangulia mbele kwa miguu na fimbo yake kuonyesha njia. Walimpa bendera mbili, akazikataa. Vyombo anaviita kwa sura zao kama ng'ombe: yule mwenye paja jeupe, yule wa madoa, yule mkorofi asiye na pembe. Nami naelewa moja kwa moja anayesema ni kipi, hata vikiwa hamsini uwanjani.

Gidahoda unamkumbuka. Ni yule kijana mrefu wa Getanuwas aliyepita nyumbani mara mbili tatu kabla hatujasafiri, akanywa maziwa mlangoni, na alipoondoka mama akasema, "Huyo Mmang'ati anatafuta nini hapa?" Jina hilo watu wa kabila lake hawalipendi, na nadhani alilisikia. Watu wetu na watu wake hawajawahi kupendana sana. Ng'ombe wameibwa huku na kule tangu enzi za babu. Shamba la serikali lilipolima malisho ya kwao, wenzake walihama na mifugo, yeye akaenda kuomba kazi ya trekta. Baba yake alimwambia mbele ya watu, "Aliyepanda trekta lile si mwanangu." Tangu siku hiyo hakuna aliyemtumia hata salamu. Barua zako zikifika na vile vyombo vidogo vya barua tu, hukaa kitako kando yangu na kusema, "Soma kwa sauti." Kwa hiyo habari za kifua cha Neema anazijua kuliko wajomba zake. Ulipoandika kwamba mtoto alilia kwa sababu basi lilimwacha mbuzi barabarani, aliniomba nirudie pale mpaka nikachoka.

Sasa sikia kosa lilivyoanza. Siku tuliyofika, msimamizi aliyetuleta kutoka shambani alitusimamisha mbele ya wenyeji, akatoa ile sauti ya mikutano ya kijiji: "Nawaletea ndugu wawili kutoka Hanang!" Kwetu hilo ni la kawaida. Mwenyekiti ni ndugu, karani ni ndugu, hata yule mwizi wa dizeli alipoletwa mbele ya kamati aliitwa ndugu mtuhumiwa. Lakini huku yupo mkalimani mmoja, mrefu, hana nyusi, aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi. Sisi tunamwita Mkalimani tu. Akatutazama, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ndugu," alisema. "Watoto wa tumbo moja. Nimefahamu."

Msimamizi alikuwa na haraka ya kurudi na chombo kilekile, hakumsahihisha. Mkalimani akauliza, "Nani katika nyinyi aliye mkubwa?"

Nilibana kicheko. Gidahoda, bila hata kupepesa, akajibu, "Mimi."

Na mimi nina ndevu tangu yeye anachunga ndama!

Basi tukawa nyumba moja. Tukapewa chumba kimoja, tena chenye dirisha, kwa sababu vyumba vya ndugu vina madirisha. Tukapewa sinia moja, na kwa desturi yao mkubwa hutangulia kula. Kila asubuhi akitoka kitandani alisimama mbele yangu akingoja shikamoo yake. Nilimpa kwa kejeli, "Shikamoo kaka mkubwa," naye aliitikia "Marahaba" kwa sauti nzito ya mzee wa baraza, kisha tukacheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Tungeweza kumsahihisha Mkalimani wakati wowote. Hatukuona sababu. Dirisha lilikuwa zuri.

Muda wetu wa kazi ulipokwisha ndipo tukajua ndugu maana yake nini huku. Vyombo vya kuelekea kwetu ni vya nadra, na kila nyumba hupewa kiti kimoja tu kwa zamu yake, anayebaki hujiandikisha upya nyuma ya wote. Sisi tulikuwa nyumba moja. Nikabaki nafunga na kufungua mkoba wangu. Gidahoda akasema, "Nenda wewe. Una mke, una mtoto. Mimi nirudi kwa nani? Nitajiandikisha upya, nitakuja baadaye." Alisema kama mtu anayekuachia kiti cha basi. Na hata chombo kinachofuata, Mama Neema, Mkalimani anakisia kwamba kikija Neema atakuwa ameshaolewa.

Basi nikawa nahesabika mtu wa kurudi. Nikamnunulia mama shali, wewe nikakununulia kitu ambacho sitakitaja kwa sababu barua hii itasomwa na wengi.

Halafu kikaja chombo kimoja kibovu, cha wale abiria wasiojulikana wanatoka wapi. Tulikivuta mpaka mstarini na kusimama, kwa sababu sheria inasema abiria hawaguswi kabla waangalizi wa afya hawajaja. Ngazi ikashuka, akatokea bibi mmoja mzee, akashika ukingo, akaanza kuyumba. Sote tuliokuwa pale tulimwona. Gidahoda akavuka mstari, akambeba mgongoni, akamshusha. Nilimpigia kelele kutoka kwenye trekta. Akaniambia, "Mama anaanguka, nimwangalie tu?"

Yule bibi hakuishi. Gidahoda akashikwa na homa, midomo ikakauka, pumzi ikawa fupi kama ya mtu aliyepanda mlima Hanang mbio. Wakamleta karantini. Mimi nilikuwa nimeshafunga mizigo, chombo chenu kimeshafika, kinajazwa mafuta.

Mkalimani alinikuta nje ya nyumba hii, kwenye ukuta wa kioo unaokuwezesha kumwona mgonjwa bila kumgusa.

"Ndugu yako hayumo katika afya," aliniambia. "Sheria yatoa njia mbili. Ndugu wa tumbo moja aweza kuingia na kumtunza. Akiingia, hatoki mpaka waangalizi waseme ni safi, na chombo chako kitakuwa kimekwenda. Zamu ya nyumba yenu haipotei, yangoja chombo kijacho. Ndugu asipoingia, mgonjwa apakiwa katika chombo kitanguliacho."

"Kinakwenda wapi hicho?"

"Chabeba chumvi. Kiendako sikujui."

"Na mtu asiyekuwa ndugu? Rafiki, kwa mfano?"

"Rafiki haruhusiwi. Yeyote aweza kusema yu rafiki."

Mama Neema, nilifungua mdomo kumwambia ukweli. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani nina moyo wa chuma au kwamba sikukukumbuka. Maneno yalikuwa tayari ulimini: bwana, huyu si wa tumbo letu, neno hili kwetu lina maana pana, tuliwahadaa kwa ajili ya dirisha. Ningesema hivyo, ningebeba mkoba wangu, leo ningekuwa njiani kuja kwako, na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu.

Kabla sijasema, ukuta ukagongwa. Gidahoda alikuwa ameinuka kitandani, ameegemea kioo kwa mikono miwili.

"Huyo si ndugu yangu!" alipiga kelele. "Mkalimani, sikia! Mimi mtu ya Getanuwas, yeye mtu ya Masakta, mama zetu hawajuani hata kwa sura! Tulidanganya! Mwache aende kwa mke wake!"

Mkalimani akanigeukia. "Je, asema kweli?"

Nikasogea mlangoni. Gidahoda akaona nimesogea, akapandwa na hasira kweli. "Boay! Una mapembe kichwani? Panda chombo! Mimi ndiyo mkubwa, nakuamuru!"

Mkalimani akatabasamu. Sijawahi kuyaona meno yake kabla ya siku ile. "Nilikuwa na shaka kidogo," alisema. "Sasa sina. Wasio ndugu hawagombani namna hii."

Nikamwambia, "Ni ndugu yangu. Fungua mlango."

Sikusema kwa ushujaa. Nilikuwa nimekasirika, nikimkasirikia yeye, na Mkalimani, na yule msimamizi na sauti yake ya mikutano. Nilimfikiria tu amelala juu ya magunia ya chumvi, ndani ya chombo ambacho hakuna anayejua hata kumwambia "pole" kwa lugha anayoielewa. Hilo lilinishinda. Kama ningeweza kukuuliza kwanza ningekuuliza. Nadhani ungelia, kisha ungeniambia niingie, lakini sina haki ya kukusemea.

Nilipoingia aliniita mpumbavu, akageukia ukutani, hakusema nami tena mpaka nilipotoa barua yako mfukoni. Ndipo aliposema, bila kugeuka, "Anzia kwenye basi."

Chakula tunapitishiwa kwenye tundu. Barua hii nayo itapitishwa kwenye kisanduku cha moshi wa dawa kabla ya kumfikia karani wa chombo, kwa hiyo ikinuka vibaya usiogope kuishika. Leo amekunywa uji, bakuli zima, akadai ni mwepesi na kwamba mke anayepika uji kama huu hurudishwa kwao. Homa imeshuka kidogo. Mimi naona atapona. Zamu yetu ipo, na tukitoka humu nitarudi kwenye trekta, nitangoja chombo kijacho, naye atabaki na kunisindikiza kama alivyoahidi.

Kwa hiyo, mke wangu, usikae ukiningoja. Lima, vuna, msomeshe Neema. Dada yako akikuita Katesh kwa biashara, nenda, usiseme mpaka baba Neema arudi. Akiolewa mtoto kabla sijafika, kaka Tluway akae kwenye kiti changu, lakini mwambie asikubali kijana mvivu kwa sababu tu babaye ana ng'ombe wengi.

Mama mpe shikamoo yangu na shali, ataipata kwa karani. Mwambie ninakula vizuri, usimwambie ninakula nini. Kaka Tluway nampa shikamoo na shukrani kwa kuezeka upya. Mama mkwe wangu shikamoo, aendelee kutumia ile dawa ya miguu. Mchungaji wetu asalimiwe, aliniahidi kuniombea na ninahisi alinisahau kidogo mwaka huu. Balozi wetu wa nyumba kumi mwambie bado ni ndugu yangu, lakini asilitangaze neno hilo hovyo, huku limenigharimu. Neema mbusu kwenye utosi, umwambie nimechelewa. Usimwambie sirudi.

Ni mimi mumeo,
Paulo Boay.

*

Mama Neema, nilikuwa nimeshaifunga barua. Nimeifungua.

Gidahoda amefariki.

Ule uji ulitudanganya. Alikuwa amekaa kabisa, ameegemea ukuta, tunaongea. Aliniuliza, "Kwetu sasa hivi wanafanya nini?" Sikujua, hapa nimepoteza majira yote, nikasema la kwanza lililonijia: "Wanavuna ngano." Akafikiri, akasema, "Basi ng'ombe ya baba watapata mabua, walinzi wakikubali." Nikainuka kwenda tunduni kuchukua maji. Niliporudi alikuwa vilevile alivyokaa, nikaanza kumwambia kwamba maji ya leo ni ya baridi, nikaendelea kuongea kidogo kabla sijatambua kwamba naongea peke yangu.

Nililia. Naliandika kwa sababu hakuna mtu huku wa kuniona wala wa kunipa pole, nami nataka mtu ajue. Nimemfunika kwa shuka lake jekundu.

Mkalimani alikuja kwenye kioo. Akasema, "Ndugu yako amekoma." Nilimsamehe kwa kamusi yake. Nadhani alikuwa na huzuni, ingawa uso usio na nyusi ni mgumu kuusoma. Halafu akanieleza sheria, nami nikamtaka arudie mara mbili nisije nikaelewa vibaya, kwa sababu maneno yameshatuponza.

Wafu hawakai Njia Panda. Wanamfunga kwenye sanduku la chuma, wanalichomelea pande zote ugonjwa usitoke, wanalipakia. Kwa kawaida linakwenda na chombo kinachotangulia, na kinachotangulia bado ni kile cha chumvi. Lakini chombo chenu nacho bado hakijaruka, na kiti cha nyumba yetu kipo wazi. Yeye ni wa nyumba hiyo. Nikisema, atakipata.

"Na mimi?" nilimwuliza.

"Waangalizi hawajakutoa, wewe hukitumii. Lakini kiti kikikaliwa, zamu ya nyumba yenu imekwisha. Chombo kijacho hakikuhusu. Wajiandikisha upya, nyuma ya wote, kama mtu aliyetua leo."

"Nikimwacha aende na chumvi?"

"Zamu yako yabaki."

Nilikaa chini. Hapa ndipo ninapotaka unielewe, au kama huwezi, basi unisikie tu. Kwa kuingia humu nilikuingiza kwenye miaka ya kungoja, lakini ilikuwa miaka yenye mwisho. Hili la pili halina mwisho ninaoweza kukuonyesha. Na Gidahoda hajui tena chumvi wala ngano. Aliyekufa hasumbuliwi na kiti. Wewe ndiye unayeamka alfajiri, wewe ndiye unayembeba mtoto kwenda Haydom peke yako. Yote hayo nilijiambia, na yote ni kweli, na nilisita, Mama Neema. Nilisita muda mrefu mpaka Mkalimani akadhani nimelala.

Kisha nikasema, mpeni kiti.

Sina sababu nzuri. Nilijaribu kujiona ninashuka kwenye chombo kijacho, watu wa Getanuwas wamekuja uwanjani na mama yake yumo, ananiuliza mwanawe yuko wapi, nami namjibu alikwenda na chumvi. Nilijaribu kujiona nikitembea kutoka hapo mpaka nyumbani kwetu. Miguu ilikataa kwenda.

Kasirika. Una haki, na hasira yako nitaipokea nzima. Ila niwekee mimi, usimwekee yeye. Na kama siku moja utaona huwezi kuendelea hivi, zungumza na mama, zungumza na kaka Tluway. Mimi sitakuwa na neno. Usidhani kuliandika hilo ni rahisi.

Sasa kazi niliyokuachia. Nimemwomba karani akupe barua hii kabla sanduku halijateremshwa. Likiteremshwa, lisifunguliwe, hata mtu akikusihi vipi. Ombeni trekta na tela pale kambini. Madereva wote wanamjua, hawatakataa. Mpelekeni Getanuwas. Nenda wewe mwenyewe, pamoja na kaka. Habari za kifo chake zisitangulie kwa mdomo wa mtu mwingine. Mama yake ukimkuta, usimwambie wewe ni mke wa rafiki wa mwanawe. Mwamkie kama unavyomwamkia mama mkwe, ukae chini karibu naye, umweleze kwamba hakufa peke yake, na kwamba alikufa akifikiria ng'ombe wa nyumbani. Atakapolia, lia naye.

Baba yake akitoka na kusema lile alilosema, kwamba aliyepanda trekta si mwanawe, usibishane, wala kaka asibishane. Mpeni mzee shikamoo yake. Muageni mama yake kwa heshima, mwambieni mwanawe atazikwa wapi ili ajue pa kuja. Kisha geuzeni tela, mje naye Masakta, mumzike nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la mtoto wetu wa kwanza. Mchungaji akisema hakubatizwa, sawa, asiongoze ibada, mtaomba wenyewe.

Najua mama atasimama mlangoni atakapoona tela linaingia. Atakuuliza yule Mmang'ati anatafuta nini kwenye makaburi ya nyumba yake. Mjibu taratibu, kwa heshima yote, lakini usipunguze hata neno:

"Mama, wanao wawili walikuwa mbali. Mmoja amerudi. Mpokee."

Mumeo,
Paulo.